Herufi Elfu na Mia Tano

Fomu inataka kujua tunavyoweza kuuawa.
Haisemi hivyo. Inasema, "Eleza udhaifu wa jengo,"
kisha inafungua kisanduku:
herufi elfu na mia tano, nafasi tupu nazo zikihesabiwa.

Ni Jumatano. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.
Nje, Indiana imelala chini ya theluji,
malori ya kina mjomba yamepangana uani, injini bado zafuka mvuke.
Nimekaa jikoni mwa gurudwara, kompyuta juu ya gunia la unga,
maana ofisini hakuna joto
na hapa kuna Bibi Surjeet, anakanda.
Andika, ananiambia. Mficha uchi hazai.

Basi naandika.
Upande wa kaskazini: kioo chembamba, mita tatu.
Maegesho hayana nguzo; gari laweza kufika hadi kwenye rafu ya viatu.
Jumapili watoto husomea chumba chenye mlango mmoja.
Nafuta "watoto". Narudisha.
Najua neno hilo lina alama zake mbele ya wasahihishaji,
najichukia,
naliacha.

Vitisho: ambatisha ushahidi.
Barua ya Machi, isiyo na stempu, yaani aliileta kwa miguu yake.
Mayai ukutani, mara mbili.
Pikapu nyeupe langoni usiku, taa kali, dakika kumi na moja.
Mjomba Lakhbir alizihesabu. Polisi hakuwapigia.
"Ningewaambia nini? Kwamba mtu amesimama?"
Kwa hiyo hakuna namba ya ripoti,
na pasipo namba, pikapu ile haikuja.

Fundi wa uzio alikuja na futi yake,
akala sahani mbili za dengu, akauliza bei.
Akaambiwa hapa chakula hakina bei.
Makisio yake yalipofika, dola mia mbili zilikuwa zimepungua,
wala hakueleza.
Lakini Daktari Malkiat, mweka hazina, aligonga meza:
serikali hailipi kwanza! Tulipe sisi, tupeleke risiti, tusubiri.
Tuna dola elfu tisa na paa linalovuja.

Kisanduku cha nane: nani anaruhusiwa kuingia?
Yeyote.
Mfumo unakataa. Jibu ni fupi mno.
Naongeza: mwenye njaa. Dereva aliyepotea njia.
Dwayne, mzee wa mtaa wa pili, ajaye kila Alhamisi
kula chapati na kuilaani timu yake ya mpira wa kikapu,
kitambaa cha kichwani kimemkaa upande.
Watoto wetu tumewafunza, mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sasa naiandika methali ileile kwa lugha ya fomu:
"Uingiaji usiodhibitiwa, nyakati zote."
Ni kweli. Kila neno ni kweli,
kama jina la mama yako kwenye cheti cha hospitali.

Vifaa vya usalama vilivyopo sasa.
Natazama mlango. Umezuiwa usijifunge na kiatu,
cha kushoto, cha kahawia,
kilichobaki baada ya harusi ya mwaka juzi;
mwenzake hajulikani alikokwenda.
Naandika: Hakuna.

Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na moja, nabonyeza.
Kiduara kinazunguka. Kinazunguka.
Wamekubali? anauliza Bibi Surjeet, unga hadi viwikoni.
Wamepokea, namwambia. Si neno moja.
Majibu Agosti, labda.

Naenda mlangoni. Upepo umekijaza kiatu theluji.
Nakikung'uta, nakishika kitambo,
nikiwaza mlango wa chuma, kufuli la kadi, kengele, ukurasa wa sita wa bajeti.
Ndani mtu anapiga kelele kwamba sahani hazitoshi.
Nakirudisha pale pale.
Kisha, bila kumtazama mtu,
nakisogeza kwa upana wa vidole viwili,
na mlango unabaki wazi,
si kama jana.